Kamba ya kupandia mti: katani, manila, nailoni au ya kazi maalumu?

Ukienda Kariakoo, Dar es Salaam, kuulizia kamba ya kupandia mti, muuzaji ataikunjua, atakushikisha ncha moja, mtavutana kidogo, kisha atakwambia, "Fundi, hii inavuta Fuso." Na anasema kweli. Kamba nyingi za dukani zenye unene wa kidole gumba zinaweza kumbeba mtu aliyening'inia ametulia. Ndiyo maana swali la "itanibeba?" halimsaidii mtu kuchagua. La kuuliza ni hili: kamba itafanyaje ikisuguana na tawi la mwembe tangu asubuhi, ikishinda juani mwezi baada ya mwezi, ikifungwa fundo, ikilowa jasho na mvua, au fundi akiteleza hatua moja kabla haijamdaka? Hapo ndipo kamba zinapoachana, na hapo ndipo watu wanapoumia.

Ulinganisho huu ni wa fundi anayepanda, na pia ni wa mwenye nyumba wa Mikocheni, Upanga au Kigamboni anayemwita fundi kupunguza matawi kabla ya masika. Kampuni inayoajiri wakata miti inabanwa na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka 2003, ambayo OSHA, wakala wa serikali wa usalama kazini, ndiyo inayoisimamia. Ila kazi nyingi ya miti mjini haifanywi na kampuni. Inafanywa na fundi mmoja, msaidizi wake, panga, msumeno na kamba iliyonunuliwa kwa kupimwa mita. Huyo ndiye ninayemfikiria zaidi.

Kamba zenyewe

Tuanze na nguvu, maana ndiyo watu wanayoiuliza kwanza. Chukua kamba mpya za kusokotwa, zote za milimita 12. Ya katani hukatika kwenye mzigo wa karibu tani 1, ya plastiki karibu tani 2, ya poliesta tani 2 na robo hivi, na ya nailoni karibu tani 3. Sasa funga fundo. Wahenga walisema kamba hukatikia pembamba, na mtini pembamba pake ni kwenye fundo: fundo peke yake huondoa kati ya asilimia 20 na 40 ya nguvu. Kisha kumbuka kwamba kamba ya kubeba roho ya mtu hupigiwa hesabu ya moja kwa kumi, yaani mzigo wake usizidi sehemu ya kumi ya nguvu yake. Ukipiga hesabu hiyo kwa katani unapata kilo 100 bila fundo, na kama 70 ukishafunga. Fundi mwenye kilo 75, akiwa na mkanda, msumeno na viatu, ameshaipita.

Katani ina sifa zake. Mkonge umekuwa Tanga tangu 1893 na kamba zake zimefunga majahazi, mizigo na mifugo kwa vizazi. Haiyeyuki kwa joto la msuguano, fundo lake linashika, na haitelezi mkononi. Kasoro yake kubwa kwa mji kama wetu ni unyevu. Inalowa, inakaa stoo ikiwa na majimaji, inaoza kuanzia ndani huku nje ikionekana nzima. Ikunjue misokoto kwa vidole uangalie katikati: ukikuta vumbi la kahawia na nyuzi zinazokatika kirahisi, hata kufungia gogo isitumike. Mimi naiacha kwa kazi za chini, kama kufunga matawi yaliyokatwa na kuyaburuta.

Manila inahitaji maelezo marefu kidogo kwa sababu ndiyo inayotumika zaidi na ndiyo ninayoiogopa zaidi. Zinazoitwa kamba za manila madukani siku hizi nyingi ni plastiki, polipropilini, za bluu, kijani, njano au rangi mchanganyiko. Ni nyepesi, bei yake ni rahisi, haziozi. Kwenye karatasi zinapita: tani 2 ukigawa kwa kumi ni kilo 200, na hata ukiondoa fundo bado fundi anaingia. Ubaya wake ni joto na jua. Polipropilini huyeyuka kwenye nyuzi joto 165 hivi, na hulainika kabla ya kufika hapo. Fundo linaloteleza juu ya kamba wakati fundi anashuka kwa kasi linaweza kufikia joto hilo. Hatari zaidi ni kamba inayotembea juu ya kamba nyingine iliyosimama: msuguano wote unaangukia sehemu moja ya ile iliyosimama, na plastiki inakatika kwa muda mfupi kuliko unavyodhani. Jua nalo huila taratibu. Ikianza kuacha unga wa rangi mkononi na nyuzi ndogo ngumu zinazochoma viganja, nguvu ile ya dukani haipo tena. Kwa kumbeba mtu, jibu langu ni hapana, hata ikiwa mpya.

Muuzaji akikwambia "hii ni nailoni," usimwamini mpaka umeona maji. Omba kipande cha urefu wa kidole, kiloweke kwenye ndoo yenye maji na sabuni kidogo, kiminye mpaka viputo vya hewa viishe, kisha kiachie. Polipropilini itaelea. Nailoni na poliesta zitazama. Ni jaribio dogo, halina gharama, na linamaliza ubishi dukani.

Nailoni ya kweli ni kamba yenye nguvu, na ina sifa ya kunyumbuka, hivyo mtu akianguka kidogo humpokea kwa upole. Mnyumbuko huohuo unachosha unapopanda, kwa sababu kila hatua unayovuta, sehemu yake inaliwa na kamba. Ikilowa hupoteza kama sehemu moja ya kumi ya nguvu yake au zaidi kidogo. Na adui yake mkubwa ni asidi: kuiweka kwenye buti la gari karibu na betri inayovuja ni kuiua bila kuona alama yoyote. Poliesta hainyumbuki sana, inavumilia jua vizuri, haijali kulowa, na huyeyuka juu ya nyuzi joto 250. Kwa mti, kati ya nyuzi zote za kawaida, poliesta ndiyo ninayoipa nafasi ya kwanza.

Ila hata poliesta ya kusokotwa ya dukani si sawa na kamba ya kazi. Kamba ya kazi ya kupandia imesukwa kwa namna ya kiini na ganda, au kwa nyuzi nyingi zilizofumwa pamoja, na imepimwa. Kipimo cha Ulaya ni EN 1891, aina A: inahimili kilonyutoni 22, yaani kama tani 2 na zaidi, na hainyumbuki kupita asilimia 5 kati ya mzigo wa kilo 50 na wa kilo 150. Kipimo cha Marekani cha kazi za miti, ANSI Z133, kinataka kamba ya kupandia iwe na kilonyutoni 24 hivi. Ukiikata ile ya EN 1891 na kuifungua kiini, ndani utakuta utepe mwembamba wenye maandishi: jina la mtengenezaji, namba ya kipimo, aina, malighafi na mwaka. Maandishi hayo yanajirudia kamba nzima. Wanaouza bandia huweka lebo nzuri nje. Utepe wa ndani ndio wa kuutafuta kwenye ncha. Kwa kazi ya mti nunua ya milimita 11 hadi 13. Nyembamba zaidi inateleza mkononi, na mafundo ya kushikia, yale yanayobana kamba kuu na kuteleza ukitaka, hayaishiki vizuri.

Kuna kamba nyingine inayowachanganya watu, ile ya wapanda miamba, ambayo mtu huletewa na ndugu kutoka Ulaya. Ni ya gharama na ni nzuri kwa kazi yake, ambayo ni kumdaka mtu anayeanguka kutoka juu. Imetengenezwa inyumbuke, hadi asilimia 10 kwa mtu aliyening'inia tu. Mtini inakurusharusha, na ganda lake halikukusudiwa kusuguliwa na magome siku nzima. Ni bora kuliko manila, lakini si ya kazi hii.

Na zilizotumika? Pale Feri na kwenye maduka ya vifaa vya bahari utapata kamba nene za meli kwa bei ya kuvutia. Sizishauri kwa mtu. Hujui zilivuta nini, zilikaa juani muda gani, wala zilimwagikiwa na nini.

Mkanda, karabina na kofia

Mikanda mitatu inashindana. Wa kiunoni, kama wa mafundi wa nguzo, ni wa kuegemea huku miguu imekanyaga. Ukining'inia nao peke yake unapanda mpaka mbavuni na kukubana pumzi, hivyo usiwe mkanda wako pekee. Wa pili ni wa mwili mzima wa mafundi ujenzi, wenye pete mgongoni. Unaudaka mwili vizuri ukianguka, lakini umening'inizwa kwa mgongo huwezi kukata wala kujishusha. Tena kile kikamba chake cha mita 2 chenye kifyonza mshtuko kinahitaji kama mita 6 za nafasi tupu chini yako ili kikuokoe. Ndani ya mwembe, utagonga tawi kabla hakijafunguka. Wa tatu ni mkanda wa mti wenyewe: mpana kiunoni, una vitanzi vya mapaja, pete mbili za ubavuni na kiunganishi cha mbele ambapo kamba kuu inakaa. Huo ndio wa kununua.

Ukishindwa kuupata, upo wa katikati unaofaa. Mafundi wa minara ya simu huvaa mkanda wa mwili mzima wenye pete za ubavuni na pete ya mbele kwenye kiuno. Tafuta lebo yenye namba EN 358 na EN 813. Ukiwa na namba EN 361 peke yake, ni wa kudaka anguko tu, haukukusudiwa kukalia.

Karabina, zile pete za kuunganishia zenye kilango, nitazipita haraka. Zile ndogo za kuning'inizia funguo na mabegi si za kubeba mtu, hata ziwe nene. Ya kweli imechorwa ubavuni mishale na namba za kilonyutoni: kwa urefu 20 au zaidi, kwa upana kama 7. Tofauti hiyo ndiyo sababu karabina iliyokaa kiupande ni hatari. Za kufunga kwa kuzungusha skrubu hufunguka zenyewe kamba ikizisugua. Kwa mti chukua zinazojifunga, zinazohitaji miondoko miwili au mitatu kufunguka. Aluminiamu ni nyepesi na inatosha, chuma weka pale inapogusana na waya.

Kofia ya ujenzi dhidi ya kofia ya kupandia: tofauti iko kidevuni. Mkanda wa kidevu wa ile ya ujenzi, EN 397, umetengenezwa uachie ukivutwa kwa nguvu kiasi, ili mtu asinyongwe. Wa kofia ya kupandia, EN 12492, unashikilia. Anayeyumba kwenye kamba na kugonga shina anahitaji kofia inayobaki kichwani. Msaidizi wa chini anatosheka na ya ujenzi, mradi aivae.

Jinsi unavyojishika juu

Hapa vifaa vizuri vinaweza kuharibiwa na mtindo mbaya. Kamba zote za kazi nilizozisifu si za kudaka anguko refu. Zinafanya kazi zikiwa zimekaza, na nanga, yaani mahali kamba iliposhikizwa, ikiwa juu yako. Ukipanda ukaipita nanga yako, au ukaacha kamba imelegea mita moja, umegeuza kamba nzuri kuwa kitu cha kukuvunja mgongo. Rusha uzi mwembamba wenye kifuko cha uzito kwenye panda la juu, vuta kamba kuu kwa huo uzi, kisha mvute wawili mkiwa chini kabla mtu hajaacha ardhi.

Nanga iwe tawi bichi, nene kama sentimita 10 au zaidi, na kamba ikae karibu na shina. Miti ya Dar haifanani. Mwembe una panda imara, lakini una majimoto. Mtu anayeumwa shingoni kwa wakati mmoja na makumi ya hao wadudu anaachia mikono yote miwili, kwa hiyo usipande mwembe bila kamba fupi ya kiunoni iliyoshaukumbatia mti. Mkrismasi una matawi mapana yanayopendeza na yanayovunjika ghafla. Nanga yake iwe chini kuliko macho yanavyokushawishi. Msufi ni mti laini, usiuamini kwa unene wake. Popote unapoona uyoga shinani au njia ya mchwa, gonga kwa nyundo kwanza. Ukilia mtupu, usipande. Tafuta lori lenye kikapu cha kuinua watu.

Fundo la kushikia: la Prusik, lililotangazwa na Karl Prusik wa Austria mwaka 1931, au la Blake, au kifaa cha chuma. La Blake hufungwa kwa mkia wa kamba hiyohiyo, halihitaji kitu cha ziada, na kwa anayeanza ndilo ninalolipendekeza. Kasoro yake ni kwamba linachoma sehemu moja ya mkia, hivyo uangalie kila siku, na ukiona pameng'aa na kuwa pagumu, kata kipande hicho. La Prusik linataka kamba nyembamba kuliko kuu, milimita 8 hadi 10, ya nyuzi zinazostahimili joto; usilifunge kwa manila hata kwa dakika tano. Vifaa vya chuma vinarahisisha kushuka, lakini vinachagua unene wa kamba na bei yake inauma. Kwa vyote vitatu, shuka polepole.

Badala ya kupitisha kamba moja kwa moja juu ya gome, tumia mkanda mfupi wenye pete mbili za chuma ulioizunguka nanga. Kamba inapita kwenye pete. Gome halichubuki, kamba haichakai, na wewe unavuta kwa jasho dogo.

Ukishika msumeno wa mnyororo juu ya mti, jishike sehemu mbili: kamba kuu na kamba fupi. ANSI Z133 inataka hivyo, na sababu ni rahisi: msumeno ukigusa moja, nyingine ipo. Kamba fupi yenye waya ndani hustahimili panga na msumeno wa mkono; msumeno wa mnyororo huuchelewesha tu. Ila waya ni njia ya umeme. Karibu na nyaya chagua isiyo na waya.

Nyaya zenyewe sizilinganishi na chochote. Laini za umeme za kilovolti 11 na 33 hazihitaji kuguswa ili ziue, na kamba iliyolowa au kuchafuka inapitisha umeme. Huko Marekani asiye na mafunzo ya umeme hutakiwa kukaa angalau mita 3 mbali nazo. Tawi likiwa limeingia kwenye laini, wapigie TANESCO wakate umeme au walikate wao, hata kama itachukua siku kadhaa.

Mnazi ni habari nyingine

Mnazi hauna tawi la kufungia nanga. Wakwezi wetu hukata vidato shinani na kupanda peku, na ustadi wao unastahili heshima, lakini shina la mnazi halizibi jeraha. Kila kidato kinabaki mlango wa maji na wadudu maisha yake yote. Kucha za chuma za miguuni zinaharibu vilevile, kwa hiyo zivae tu kwenye mti unaokatwa kabisa, iwe mnazi au mwarobaini. Kwa mnazi unaobaki, ngazi ndefu iliyofungwa juu na chini ndiyo bora. Na ukitumia kamba fupi, hakikisha ni ya kubana. Iliyozungushwa tu kwenye shina jembamba itateremka nawe mpaka chini. Ziwe mbili, ili moja ibane wakati nyingine inavuka makovu ya makuti.

Kamba ya gogo

Kamba ya kushushia magogo isiwe ile iliyokubeba. Gogo la kilo 100 likidondoka mita moja kabla kamba haijalidaka, mshtuko wake ni mara nyingi ya uzito huo, na jeraha la ndani halionekani. Nunua kamba ya pili ya rangi tofauti, nene zaidi, milimita 14 au 16, izungushwe mara kadhaa kwenye shina ili msaidizi aiachie taratibu. Hapa nailoni au poliesta ya kusokotwa ya maduka ya Gerezani inakubalika, na hata manila kwa matawi madogo, mradi hakuna mtu chini yake.

Ukiwa na pesa ya kitu kimoja kimoja

Anza na mkanda na kamba kuu kwa pamoja, maana kimoja bila kingine hakina kazi. Kisha kofia, kisha kamba fupi, kisha karabina za ziada. Msumeno wa mnyororo uje mwisho. Wa mkono unakata sehemu kubwa ya miti ya uani. Mafundi watatu wanaweza kuchangia kamba ya gogo na kapi, lakini kamba ya kupandia kila mmoja awe na yake, aijue historia yake. Ioshe kwa maji baridi na sabuni laini, ianike kivulini, iweke kwenye mfuko mbali na petroli na betri. Kila asubuhi ipitishe yote mkononi, ukiikunja kidogo kidogo: penye ulaini wa ghafla, pembamba, pagumu au pameng'aa pamekwisha. Watengenezaji wengi huweka miaka 10 kuwa mwisho wa kifaa cha nyuzi hata kama hakijatumika, na kwa kazi ya kila wiki mwisho huo unakuja mapema sana. Ikistaafu, ikate vipande vifupi, asije mwingine akaiokota.

Mwenye nyumba, kabla hujapatana bei muulize fundi mambo matatu: nionyeshe ncha ya kamba yako, nani ataichunga kamba ya gogo, na ukizimia juu nani atakushusha? Hilo la tatu ndilo zito. Mtu aliyezimia akiwa amening'inia kwenye mkanda anaweza kufa kwa muda mfupi kwa sababu damu inabaki miguuni, na Zimamoto, 114, wanaweza kukwama kwenye foleni ya Morocco. Anayefaa kuwa chini ni msaidizi mwenye mkanda wake, kamba ya pili iliyokwisha tundikwa, na aliyewahi kumshusha mwenzake kwa mazoezi. Fundi akikujibu "usijali mama, nimezoea," mpe nauli yake, mshukuru, umtafute mwingine.